Trauti wa Mto Gura

Zamani mvuvi wa trauti katika mto Gura hakuanza na mshipi. Alianza na jiwe. Mjomba wangu, aliyekuwa akiwaongoza wageni, aliingia majini hadi magotini, akaibua jiwe, akaligeuza na kumwonyesha mgeni upande wa chini. Pale palikuwa na vijidudu vilivyojijengea vijumba vya mchanga na vipande vya majani. Akishavitazama ndipo alipofungua kikasha chake na kuchagua inzi bandia wa kufanana navyo, unyoya wa jogoo uliozungushiwa uzi kwenye ndoana ndogo mno. Sisi watoto tulibeba vikapu na kunyamaza. Aliyesogea ukingoni alikemewa: “Rudi nyuma wewe! Kivuli chako kimeshamfikia.”

Trauti si mwenyeji wa milima ya Nyandarua (Aberdare), unakotoka mto huu. Aliletwa kutoka Scotland mwaka 1905 kwa juhudi za mlowezi Ewart Grogan, na Gura ni miongoni mwa mito ya kwanza kumpokea. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikaanzisha kituo cha kumzalisha huko Kiganjo, karibu na Nyeri. Leseni za uvuvi zilikuwa za wenye uwezo, na mwananchi aliyetega samaki huyo alikimbizwa na askari. Haikuwa haki. Ndiyo maana wengi kwetu walimhesabu kuwa samaki wa wazungu, na alipoanza kutoweka hakuna aliyeuliza amekwenda wapi.

Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Trauti hutaka maji ya baridi, yanayokwenda kasi na yenye hewa tele. Yakipata joto, hana maisha. Kwa hiyo alipoonekana kwenye kingo za mashamba yetu, alikuwa akituambia kwamba maji tunayochota ni mazima. Siku hizi sehemu hizo hizo maji ni haba na mazito kwa udongo. Pampu zinanguruma pande zote mbili, mikaratusi imesogezwa hadi ukingoni, na wapo wanaovua kwa sumu, wakiua hata vile vijidudu vya chini ya mawe.

Juu msituni hali ni afadhali. Uzio wa umeme wa Nyandarua, wenye urefu wa kilomita 400 hivi, ulikamilika mwaka 2009, na mkulima akapumua kwa sababu tembo na nyati hawashuki tena shambani kama zamani. Huko ndani, ambako maporomoko ya Gura yanatazamana na ya Karuru yenye kimo cha mita 273, maji bado yanauma miguu kwa baridi. Lakini mto hauishii kwenye uzio. Unashuka kwetu, na kwetu ndiko unakokonda.

Kazi ya mjomba nayo imekwenda naye. Alijua nyati hupenda kulala wapi kwenye mianzi, na rangi ya maji inayomwambia mtu afungashe arudi nyumbani kabla mafuriko hayajamkuta. Hakuna chuo kilichomfuata kuyaandika aliyoyajua. Mafundi wa Kenya, wengi wao wanawake, wangali wanafunga inzi bandia kwa mkono na kuwauza Uingereza na Marekani. Ujuzi wa vidole upo, ila kijana wa kwetu Othaya anayeweza kukuongoza mtoni kwa inzi hao ni adimu kumpata.

Mwaka 2009, mwaka ule ule uzio ulipokamilika, John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliagiza mikaratusi ing'olewe kandokando ya mito. Wengi walinung'unika, na wengi hawakutii. Alikuwa sahihi. Wewe mwenye shamba linalopakana na Gura, usingoje waziri mwingine: ng'oa mikaratusi iliyo ukingoni, panda miti ya asili, na sumu isikaribie maji. Watoto wako wanakunywa humo.