Safari ya Bur Dubai na Kompyuta ya Mjukuu



Atakaye kwenda Bur Dubai kutoka Deira kwa gharama ndogo hana haja ya teksi. Dirhamu moja humtosha kuivuka hori kwa abra. Hivyo ndivyo tulivyovuka, mimi na mjukuu wangu wa miaka 14, Jumamosi moja baada ya sala ya adhuhuri, kompyuta yake tumeifunga shuka na kuiweka baina yetu kama mgonjwa apelekwaye hospitali. Ng'ambo ya pili tulipita soko la nguo, kisha karibu na mitaa ya kale ya Al Fahidi, ambako dari za nyumba ziliezekwa kwa boriti za mikoko zilizoletwa na majahazi kutoka pwani yetu. Sipiti pale bila ya kumwonyesha kijana boriti hizo, naye hapiti bila ya kuniambia kwamba nilikwisha kumwonyesha.

Niseme kwanza kilichotupeleka. Kompyuta ile ilinunuliwa mwaka 2017 kwa ajili ya michezo. Mimi, mwalimu wa miaka thelathini na mbili darasani, sikuipenda, wala sikuficha. Lakini kila Ijumaa jioni mjukuu wangu alicheza mpira wa humo ndani na binamu yake aliyeko Mombasa, na kwa saa mbili nzima nilimsikia akisema Kiswahili, kijana ambaye mimi mwenyewe nikimsemesha hunijibu kwa Kiingereza. Mwaka huu kompyuta ikawa inakwama kila dakika. Binamu akachoka kungoja, akatafuta wenzake wa kucheza nao, na Ijumaa zikawa kimya. Hapo nikaanza kuiona kompyuta kwa jicho jingine.

Tulikuwa na dirhamu 600: mia mbili na hamsini pesa zake za Idi, na zilizobaki nimezitoa katika bahasha ya tiketi za kwenda nyumbani. Kila dirhamu iliyotoka humo ilikuwa inausogeza mbali uwanja wa ndege wa Moi.

Jengo la Al Ain Centre, lililoko barabara ya Al Mankhool, limejaa maduka ya kompyuta yaliyobanana kama vibanda vya sokoni. Katika duka la kwanza muuzaji hata hakuifungua shuka. "Haji, hii tupa," alisema, akatuonyesha mpya ya dirhamu 3,200. Wa pili alitaka kutuuzia kadi ya picha kubwa iliyotumika, yaani kile kibao kinachochora yale yaonekanayo kwenye kioo. Bei ilikuwa nzuri mno. Nilipomwomba aiwashe tuione ikifanya kazi japo dakika ishirini, alikumbuka kwamba anafunga duka. Baadaye nilielezwa kwamba kadi nyingi za namna hiyo zilifanyishwa kazi usiku na mchana kuchimba sarafu za kompyuta, mpaka Septemba 2022 sarafu ya Ethereum ilipobadili utaratibu wake na wachimbaji wakaziuza kwa wingi.

Fundi wa tatu alikuwa mzee wa makamo yangu, miwani imening'inia kifuani. Yeye hakuuza kitu kwanza. Aliifungua, akaitoa nje, akaipuliza, na vumbi la miaka lilitoka humo kama moshi wa kuni mbichi. Akafuta ule mlahamu uliokauka juu ya prosesa, akapaka mpya. Alinieleza kwamba prosesa ikishikwa na joto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na kwamba nusu ya ugonjwa wetu ilikuwa hiyo. Dirhamu 30.

Kisha alisoma karatasi iliyobandikwa kwenye pawasaplai: wati 300. Kwa hiyo kadi kubwa tuliyoitamani ingetulazimisha kununua na pawasaplai nyingine. Alituchagulia GTX 1650 iliyotumika, ya aina isiyohitaji waya wake wa umeme, kwa sababu wati zake 75 huzipata palepale inapochomekwa. Nilimwuliza kuhusu 1060, iliyokuwa rahisi zaidi. Alitikisa kichwa: kizazi kile, pamoja na 1050 tuliyokuwa nayo, kampuni iliacha kukitolea programu za michezo mipya tangu Oktoba 2025. Ya kwetu aliiwasha mbele yetu, mchezo ukaenda nusu saa. Dirhamu 240.

Memori ilikuwa kijiti kimoja cha GB 8, na nafasi ya pili tupu. Kuongeza cha pili hakuongezi ukubwa tu. Prosesa huvisoma vyote viwili kwa pamoja, kama njia moja iliyofanywa mbili. Bei yake ilinichoma, dirhamu 130 kwa kilichotumika, maana mwishoni mwa 2025 memori zilipanda bei, viwanda vikiitumikia zaidi mitambo ya akili bandia. Mwisho ni SSD ya GB 240, dirhamu 120, badala ya diski ya kuzunguka. Hiyo haiufanyi mchezo kuwa mwepesi, ila kompyuta iliyokuwa ikifunguka kwa dakika tatu sasa hufunguka kabla sijamaliza kuvaa miwani.

Fundi hakutudanganya juu ya mwisho wake. Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, mwaka wa nyongeza ni kwa waliojiandikisha tu, na prosesa yetu haikubaliwi rasmi na Windows 11. "Mwaka, pengine miwili," alisema.

Dirhamu 520 zote kwa jumla. Themanini zilirudi katika bahasha, kasoro mbili za abra.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa sebuleni nikisoma. Kutoka chumbani nilisikia, "Mpira yangu hiyo! Mpira yangu!" Nikainuka, nikagonga mlango, nikasema, "Mpira wangu huo."

"Babu, tunacheza!" akajibu, na kutoka Mombasa binamu yake akacheka.