Maji Yanakwenda Wapi?

Kwa miezi miwili kila asubuhi nilifungua boneti, nikaongeza nusu chupa ya maji kwenye rejeta, nikawasha gari na kwenda zangu. Nilijiona mtunzaji mzuri. Kisha siku moja, mimi na mke wangu tukipanda mlima wa Kitonga kwenda Iringa, nyuma ya malori yanayojikongoja, mshale wa geji ya joto ukafika kwenye nyekundu. Gari likachemsha.

Nilishuka na kitambaa mkononi nifungue kifuniko cha rejeta. Dereva mmoja wa lori, mtu mzima, akanizuia. "Usiguse, mwanangu. Mvuke utakuunguza uso. Acha ipoe kwanza." Tukakaa kando ya barabara. Nilipomweleza desturi yangu ya asubuhi, akauliza: "Sasa hayo maji yanakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu.

Petroli huungua ikaisha, akanielewesha, lakini maji ya injini ni yale yale, yanazunguka. Pampu huyasukuma kandokando ya silinda yabebe joto. Yakikaribia nyuzi 85 hivi, themostati huyafungulia njia ya kwenda kwenye rejeta, yapoe kwa upepo na feni, kisha yarudi kazini. Kifuniko huyabana kwa presha, ndiyo maana hayachemki hata yakipita nyuzi 100. Kwa hiyo yakipungua, pana mahali yanavuja. Na panapovuja, presha nayo huondoka. Injini ilipopoa tuliuona ufa kwenye mpira wa rejeta, mfupi kuliko ukucha.

Njia iliyobaki niliifikiria nyumba yangu. Kila tulipokosana na mke wangu nilileta zawadi, tukacheka, na wiki haikuisha kabla hatujakosana tena. Kumbe nilikuwa najaza maji tu. Sikuwahi kuuliza furaha yetu inavujia wapi.

Usiku ule, tulipokwisha kula na kutulia, nilimwuliza. Akajibu kwa upole: "Nikizungumza, hunisikilizi." Ufa wenyewe ulikuwa huo, nami nilikuwa nikiupita kila siku na zawadi mkononi.

Ndugu msomaji, kama kuna kitu unakijaza kila siku na hakijai, iwe ndoa, mfuko au moyo wako, weka chupa chini. Subiri joto lipungue, kisha tafuta kinapovujia.