Nyaraka za Mbali, Shahidi wa Karibu: Kuitafuta Historia ya Mtaa wa Fedha

Wahenga walinena kuwa penye wazee haliharibiki neno. Katika mtaa wa Fedha, ulioko Embakasi, mashariki ya jiji la Nairobi, binti mmoja aliyekuwa akisomea Kiswahili chuo kikuu aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi. Aliweza kuieleza maana ya nje na ya ndani, na hata kuitungia kisa katika mtihani. Maana yake kamili, hata hivyo, ilimfikia maji yalipokuwa yamekwisha kumwagika.

Fedha ni mtaa mchanga ukilinganishwa na ndugu zake wa Eastlands. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940. Buruburu na Umoja zikafuata katika miaka ya 1970. Mitaa hiyo ina nafasi yake katika vitabu vya historia. Fedha haina. Mpita njia katika Outer Ring Road huona magorofa yaliyosongamana, matangi ya maji juu ya mapaa, nguo zilizoanikwa na matatu zinazogombea abiria. Lakini mtaa una sauti yake. Kila baada ya muda ndege hupita juu ikielekea au ikitoka katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, na wenyeji, pasi na kuambizana, hukatiza mazungumzo, hungoja, kisha huendelea pale walipoachia.

Mnamo mwaka 2010 binti huyo alipewa kazi ya muhula: aandike historia ya mahali anapoishi. Sharti lilikuwa moja, kwamba kila dai liungwe mkono na maandishi. Katika ploti waliyokaa aliishi mzee mmoja, akitunzwa na bintiye. Kila alasiri mzee alitoa kiti chake cha plastiki akakaa karibu na lango. Binti alimwamkia, akamweleza alichotumwa na mwalimu wake.

"Marahaba, mjukuu wangu," mzee alijibu. "Huo uwanja wa ndege unaousikia, mikono hii ndiyo iliyouchimba. Nilikuwa mfungwa."

Akaongeza maneno mawili matatu, na binti akayanakili katika daftari: "Tulibeba udongo kwa karai. Jioni walihesabu makarai kwanza, watu baadaye." Kisha akafunga daftari. Alimwahidi mzee kwamba angerudi kumsikiliza kwa kirefu, akishapata nyaraka.

Safari yake ya kwanza ilimpeleka katika Maktaba ya McMillan, Banda Street. Jengo hilo lenye nguzo na simba wa mawe lilifunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya William Northrup McMillan, tajiri aliyezaliwa St. Louis, Marekani, akahamia Kenya kuwa mlowezi. Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo hadi mwaka 1958. Humo mna hazina kubwa ya magazeti ya kikoloni, na ndimo binti alimosoma habari za uwanja wa Embakasi. Ulifunguliwa Machi 1958, mwaka uleule ambao mlango wa maktaba ulifunguliwa kwa watu weusi. Gavana Evelyn Baring ndiye aliyeufungua. Aliyetarajiwa kuufungua ni Malkia Mama wa Uingereza, ila alicheleweshwa Australia asiweze kuhudhuria. Binti aliyatafakari hayo kwa muda. Kumbukumbu ilimtaja hata mgeni ambaye hakufika, wachimbaji hakuwaona.

Safari ya pili ilimfikisha katika Makavazi ya Kitaifa, jengo la kale lililokuwa benki, kati ya Moi Avenue na Tom Mboya Street, hatua chache kutoka vituo vya matatu za Eastlands. Maelfu ya wakazi wa Fedha hupita mlangoni kila siku, wengi wakiliona kama alama ya kukutania tu. Makavazi hayo yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1965. Mtafiti hulipa ada ndogo, hupewa kadi, huacha mkoba nje, huingia na penseli na karatasi. Kwa kawaida nyaraka za serikali hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 30.

Hapo binti alijifunza somo ambalo kila mtafiti mchanga hana budi kulijua. Nyaraka hazikupangwa kwa kufuata mahali wala mada. Zimepangwa kwa kufuata ofisi iliyoziandika. Anayeomba faili ya Fedha hatapata kitu. Inampasa ajiulize kwanza: katika mwaka fulani, ardhi hii ilikuwa chini ya nani, na nani aliandikiana na nani kuihusu? Faili zenye alama ya DC/MKS, kwa mfano, ni za Mkuu wa Wilaya ya Machakos, jirani wa nyika ya Embakasi. Ndani yake mna taarifa za kila mwaka, pamoja na taarifa za makabidhiano ambazo mkuu aliyeondoka alimwandikia aliyemrithi, akimweleza machifu gani ni wasikivu na nani ni wakorofi. Aidha, zipo taarifa za Idara ya Magereza. Ndani ya hizo, binti aliona kuwa wafungwa waliandikwa kwa idadi, si kwa majina. Bwana mkubwa wa kikoloni hakuandika ili wajukuu wa mfungwa wasome. Aliandika ili bajeti ipitishwe.

Licha ya hayo, palikuwa na mapengo. Baadhi yalitokana na ajali: mwaka 1939 ofisi za Sekretarieti mjini Nairobi ziliungua, nazo nyaraka nyingi za mwanzo wa utawala zikateketea. Mengine yalikusudiwa. Uhuru ulipokaribia mwaka 1963, maofisa wa Uingereza walichoma sehemu ya nyaraka zilizohusu hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na nyingine, zipatazo faili 1,500, wakazisafirisha kwa ndege hadi Uingereza. Serikali ya Kenya iliziomba mwaka 1967, ikanyimwa. Zilikaa gizani hadi mwaka 2011, wakati kesi ya wazee wachache waliokuwa vizuizini dhidi ya serikali ya Uingereza ilipokuwa ikiendelea katika Mahakama Kuu ya London. Wanahistoria waliotoa ushahidi katika kesi hiyo, akiwemo David Anderson, walisisitiza kwamba lazima nyaraka zipo mahali fulani. Na ndipo ilipokiriwa kuwa zilihifadhiwa Hanslope Park, katika jimbo la Buckinghamshire. Kuanzia mwaka 2012 zilianza kuhamishiwa makavazi ya taifa ya Uingereza yaliyoko Kew, zikapewa alama ya FCO 141.

Kuna nakala zilizokwenda mbali zaidi. Katika miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Syracuse, katika jimbo la New York, kilijipatia mikrofilamu za sehemu kubwa ya nyaraka za Makavazi ya Kenya, na mwaka 1968 wasomi Robert Gregory, Robert Maxon na Leon Spencer wakachapisha mwongozo wa nyaraka hizo. Kwa hiyo mwanafunzi wa Syracuse aliweza kuisoma taarifa ya Mkuu wa Wilaya ya Machakos bila kutoka chuoni kwake, ilhali mtoto wa Fedha alihitaji nauli, ada na siku nzima.

Muhula ulikwisha. Binti aliandika insha nadhifu kuhusu mipaka ya Nairobi, mipango ya makazi na ujenzi wa uwanja. Akapata alama nzuri. Mzee hakumtaja, kwa kuwa dai lake halikuwa na maandishi ya kuliunga mkono. Kila alipopita langoni alimwamkia, naye mzee alimuuliza, "Umezipata karatasi zako?" Binti alijibu kwamba bado anazitafuta. Akaendelea kuzitafuta mwaka uliofuata, kwa kuwa sasa magazeti yalikuwa yamejaa habari za Hanslope Park.

Mzee alifariki mwaka 2012. Alisafirishwa kwenda kuzikwa kwao, na kiti chake kikabaki langoni kwa wiki kadhaa kabla ya bintiye kukiingiza ndani. Tarehe 6 Juni 2013, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, William Hague, alisimama Bungeni akaeleza masikitiko ya serikali yake, akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Binti aliisikiliza taarifa hiyo kwenye redio, jikoni, huku ndege ikipita juu. Hakujua iwapo mzee angekuwa miongoni mwa waliostahili. Hakuwahi kumuuliza alikamatwa wapi, alifungwa kwa kosa gani, wala jina lake kamili.

Ni katika kipindi hicho alipotambua kosa lake. Alikuwa ameyageuza Makavazi kuwa hakimu, na mzee kuwa mshukiwa asiyeaminika mpaka karatasi imthibitishe. Lakini karatasi yenyewe ni ushahidi wa mtu mmoja tu, tena mwenye maslahi yake. Faili iliandikwa na mtu aliyesimama kando ya shimo; mzee alikuwa ndani ya shimo. Mtafiti wa kweli huwasikiliza wote wawili, kisha akawapima. Ni kweli kwamba kumbukumbu ya mtu huchuja na husahau. Hata hivyo, moto wa mwaka 1939 nao ulisahaulisha, na ndege za mwaka 1963 vilevile.

Jambo la pili lilimgusa zaidi kama mwanafunzi wa lugha. Yale maneno machache ya daftarini yalikuwa kwa Kiswahili. Gereza lilikusanya watu wa makabila mbalimbali, wafungwa na askari, na mara nyingi Kiswahili ndicho kilichokuwa daraja kati yao. Walikisema vipi? Walitumia msamiati gani kuitaja kazi, njaa, ugonjwa, matumaini? Faili nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Kwa hivyo hata siku ambayo karatasi zote za Kew zitasomwa, Kiswahili cha Embakasi ya miaka ya 1950 kitaonekana kwa nadra. Sauti hiyo ilikuwa langoni.

Kwamba nyaraka huhifadhi lugha pamoja na matukio si jambo la kubahatisha. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, wapenzi wa historia ya kwao waliunda chama cha kukusanya nyaraka tangu mwaka 1791. Sehemu kubwa ya nyaraka za mwanzo za eneo hilo ni za walowezi. Hata hivyo, Wawampanoag, wenyeji wa asili, waliacha hati za ardhi na barua kwa lugha yao, na Biblia nzima ilichapishwa kwa lugha hiyo mwaka 1663. Lugha ilikuja kukosa msemaji kwa zaidi ya karne moja. Mnamo mwaka 1993 Jessie Little Doe Baird, mmoja wao, alianza juhudi za kuifufua, na maandishi hayo ya kale yakawa msingi wake. Kiswahili hakiko katika hatari hiyo, lakini lahaja na rejista zake, za magerezani, za reli, za sokoni, hufa kimyakimya pamoja na wasemaji wake.

Kwa mintarafu hiyo, mwanafunzi wa Kiswahili ana wajibu ambao hawezi kumwachia mwanahistoria peke yake. Tayari ana stadi. Katika somo la fasihi simulizi hufundishwa kwenda nyanjani, kuomba idhini, kurekodi, kunakili maneno kama yalivyotamkwa, na kuandika jina la msimulizi, mahali na tarehe. Aghalabu, hata hivyo, kanda na daftari huishia chini ya kitanda mara tu tasnifu inapopita. Nakala moja ingeweza kuwekwa katika maktaba ya idara, na nyingine kupelekwa karibu na wenyewe. Eastlands ina maktaba za Kaloleni na Makadara, matawi ya McMillan, ambazo shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilizikarabati. Hali kadhalika, kuna magazeti ya Kiswahili ya kusomwa upya: *Baraza*, lililoanza mwaka 1939 Francis Khamisi akiwa mhariri wake wa kwanza, lilichapisha barua za wasomaji, na barua ya msomaji ni ushahidi ambao mkuu wa wilaya hakuuhariri.

Binti hakubaki akijuta. Alimwendea binti wa mzee, akamwomba radhi, akaomba kuambiwa aliyoyasikia kwa baba yake. Aliambiwa machache. Mzee hakuwa amewasimulia wanawe mengi. Alizoea kusema kwamba watamwuliza wakiwa tayari. Akaelekezwa kwa mzee mwingine, rafiki wa marehemu, aliyeishi Tassia, mtaa wa jirani. Safari hii alikwenda na kinasasauti, bila kungoja faili yoyote. Mzee alimwuliza anataka waanzie wapi. Binti akamwomba aanze kwa kutaja jina lake kamili.