Barua kutoka Los Angeles: Simu Ikilia, Utafanya Nini?

Ndugu zangu wapendwa,

Wengi mmeniuliza kama ni kweli simu za huku hutabiri matetemeko ya ardhi. Hazitabiri. Simu hulia kwa sababu tetemeko limekwisha kuanza mahali pengine.

Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili. Ya kwanza huenda kasi na kwa kawaida hayadhuru sana. Ya pili yako nyuma kidogo, nayo ndiyo hubomoa nyumba. Mitambo ya ardhini hunasa yale ya kwanza, kompyuta hukadiria ukubwa, na tahadhari hurushwa. Aliye mbali hupata sekunde chache za kujikinga. Aliye karibu na kitovu huenda asipate hata moja.

Julai 2019 mji wa Ridgecrest ulipigwa na tetemeko la ukubwa wa 6.4, na siku iliyofuata likaja la 7.1. Mtikisiko ulifika hapa Los Angeles, takriban kilomita 200 kusini, lakini programu ya simu ya jiji ilikaa kimya. Watu walikasirika. Programu ilikuwa imepangwa kulia pale tu mtikisiko unaotarajiwa jijini ungeweza kuleta madhara, na huo haukufika kiwango hicho. Baada ya malalamiko, jiji lilishusha kiwango. Oktoba mwaka huohuo tahadhari zikaanza kutolewa jimbo zima la California.

Naona wananchi walikuwa na haki. Ardhi ikicheza, kimya cha chombo ulichoahidiwa kinatia hofu na kuondoa imani. Ila nasi tuna wajibu wetu, maana sekunde tano humfaa aliyejiandaa tu. Kila Oktoba huku hufanyika mazoezi ya kujikinga: maofisini na shuleni, watu wazima na watoto hupiga magoti, huingia chini ya meza, hufunika shingo kwa mkono mmoja na kushika mguu wa meza kwa mwingine. Wengine huweka viatu na tochi kando ya kitanda, kwa sababu tetemeko likija usiku, vioo huvunjika.

Ninyi wa Bukoba mnaikumbuka Septemba 10, 2016. Tetemeko liliua watu na kubomoa nyumba, wala hakuna simu iliyowaonya. Basi msingoje mitambo. Wafundisheni watoto leo: ardhi ikitikisika, chini ya meza, mbali na madirisha, shika imara mpaka itulie.

Wenu wa ughaibuni.