Safari ya Lyulilo na Funzo la Mtungi



Wengi wenu mlioko pwani mnaijua Kyela kwa mchele wake, wala hamjui zaidi. Basi leo nawaomba tufuatane hadi mwisho wa Ziwa Nyasa upande wa kaskazini, kwani huko nilifunzwa jambo na mwanamke asiyenijua, nami nisingependa kufa nalo.

Yapasa kwanza nieleze sababu ya safari yenyewe. Katika madrasa yetu tulifanya maonyesho madogo ya kazi za wanafunzi, ili wazazi waje waone watoto wao wamefika wapi. Wengi walileta khati, nyingine nzuri mno. Binti mmoja wa miaka 13 alileta karatasi aliyoichora kwa penseli. Upande mmoja palikuwa na banda la mabati, na chini yake viatu vya wavulana, vikavu, vimepangwa safu. Upande wa pili hapakuwa na paa; viatu vya wasichana vilikuwa katika matope, na mvua inavinyea. Hapakuandikwa hata neno moja.

Nilielewa mara moja. Banda letu ni dogo. Wavulana hukaa ndani, na wasichana nje chini ya mwembe. Na mvua ya Kyela si mvua ya kuchezea: wakati wa masika mito hufurika ikaingia mashambani. Nikaikunja ile karatasi, nikaitia mfukoni kabla wazazi hawajaingia. Binti aliponiuliza nikamwambia, "Mwanangu, picha hazifai." Akainamisha kichwa, akasema, "Naam, maalim."

Lakini moyo haudanganyiki. Maulamaa wamekhitilafiana juu ya picha za viumbe wenye roho. Kiatu hakina roho. Nilichokichukia si picha, bali habari iliyokuwamo.

Jumamosi iliyofuata nikatoka kwenda kununua mitungi ya maji ya madrasa. Kutoka Kyela gari hupita Ipinda, kati ya majaruba ya mpunga, migomba na mashamba ya kakao, kisha Milima ya Livingstone husimama mbele yako kama ukuta, na ziwa limelala chini yake. Ziwa hili lina urefu wa kilomita 580 hivi, na kina chake hufika mita 700. Asiyesema Subhana-llah hapo, sijui atasema wapi.

Ukifika Matema, watembea kidogo kwa miguu juu ya mchanga mpaka Lyulilo, ambako kila Jumamosi huwa soko la vyungu. Wafinyanzi ni wanawake wa Kikisi kutoka Ikombe, ambako milima imeshuka hadi majini, na mtumbwi ndio njia yao. Hufinyanga kwa mikono. Nao vyungu vyao huwa vyembamba, vimepambwa kwa udongo mwekundu na mweupe. Vilikuwa vimepangwa ufukoni kama maonyesho kamili, ila hayana kiingilio. Wenyewe wamekaa nyuma yake na kanga zao, kila moja na jina lake: hii yalalamikia husuda, hii yausia subira. Nikawaza kwamba maneno ambayo mwanamke hawezi kumwambia jirani wala wifi, huyafunga kiunoni akapita nayo.

Nikachagua mtungi uliopambwa kuliko yote. Mama mwenye mali akaushika, akaniambia, "Baba, mtungi haununuliwi kwa macho." Akaugonga kwa kifundo cha kidole, ukatoa sauti butu. Akagonga mwingine, si mzuri sana, ukalia kama kengele. "Ule una ufa," akasema. "Mimi siuoni, nawe huuoni, lakini mtungi wenyewe umesema. Ukiuzuia usiseme, utakwenda kuvuja nyumbani kwako." Akauweka kando, ijapokuwa fedha yangu ilikuwa mkononi.

Wallahi, niliona haya. Mfinyanzi aliacha mali yake iseme aibu yake mbele ya mnunuzi, nami mwalimu wa Kurani nimeikunja aibu yangu mfukoni. Twasoma katika Surat Rahman kuwa mtu ameumbwa kwa udongo mkavu mfano wa vyombo vya mfinyanzi. Twasoma pia Surat Mujadala, iliyoshuka kwa ajili ya Khaula binti Thaalaba, aliyekuja kwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kumshtaki mumewe. Mwenyezi Mungu alimsikia. Mimi ni nani hata nisimsikie binti wa miaka 13?

Na kusema kwa mchoro si jambo geni nchini mwetu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza mwaka 1968 kuchora kwa rangi za baiskeli Dar es Salaam. Yeye alifariki mwaka 1972, lakini waliofuata mtindo wake walichora hata hospitali na maradhi ya UKIMWI. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 18, nayo yampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake.

Sisemi kila kauli ni halali. Surat Hujurat imetukataza dhihaka na kusengenyana, ikatuamrisha kuhakikisha habari. Lakini yule binti hakumdhihaki mtu, wala hakusema uwongo. Alionyesha viatu vilipo, basi.

Niliporudi nikaikunjua ile karatasi, nikaibandika mlangoni. Nikamwita binti mbele ya wenzake nikamwambia, "Mwanangu, nilikukosea. Nisamehe." Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Nimekusamehe, maalim. Lakini mvua ingali inanyesha." Wote wakacheka, nami pia.

Tangu siku hiyo wavulana na wasichana hupokezana banda. Wazazi walioiona picha wakauliza, na kwa kuuliza wakachanga. Hata naandika haya, yamepatikana mabati 11. Ya kutosha bado.

Enyi wazazi na walimu wenzangu, mtoto akileta neno lisilopendeza, msimzibe mdomo kwa jina la dini. Gongeni kwanza, msikilize. Ikiwa kuna ufa, ni heri tuujue sisi kabla maji hayajamwagika.

Wabillahi taufiq.