Kuizuru Ngome kwa Mazingatio



Mtu hukizoea akionacho kila siku hata kikawa hakimwambii kitu. Ngome ya Mombasa, waiitayo wageni Fort Jesus na sisi wenyeji Ngomeni, imesimama juu ya mwamba wa matumbawe penye mlango wa Bandari ya Kale. Watu huvuka bahari kuja kuitazama, na kati yetu wako waliozaliwa karibu nayo wakazeeka bila ya kukikanyaga kizingiti chake.

Likizo moja niliwachukua wajukuu zangu kuwatembeza humo. Walipanda kuta, wakaigusa mizinga, wakatazama majahazi. Tuliposhuka, mmoja wao, mtoto wa miaka tisa, akaniuliza: "Babu, katika vita vyote hivi, sisi tulikuwa upande gani?"

Swali ni fupi, na jawabu lake ni refu. Mtoto alitaraji nimwambie kuwa tulikuwa upande wa washindi. Lau ningalimjibu hivyo, ningalimdanganya.

Ngome hii Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Mwaka 1614 Sultani Hasan wa Mombasa aliuawa kwa njama zao, na mwanawe mdogo, Yusuf, akapelekwa Goa, akabatizwa na kulelewa kwa dini na desturi nyingine. Alirejeshwa kuja kutawala, akakuta dharau za mkuu wa Ngome. Mwezi wa Agosti 1631 aliingia Ngomeni na watu wake, akamuua mkuu yule, na mji ukamtii. Habari hii watu wetu huisimulia kwa fakhari, na kweli Yusuf alidhulumiwa. Lakini miongoni mwa waliouawa siku zile walikuwamo wanawake na watoto. Sharia yetu imekataza kumuua mwanamke na mtoto wasiopigana, hata vita vikiwa vya haki. Dhulma haihalalishi dhulma, na anayemsifu Yusuf bila ya kulitaja hilo ameficha nusu ya ushahidi.

Kisha ukaja mzingiro mkubwa. Jeshi la Oman liliizunguka Ngome tangu Machi 1696 hadi Disemba 1698, miezi 33. Kuta zilistahamili mizinga, lakini ndani yake maradhi na njaa viliwamaliza watu. Na humo ndani, pamoja na Wareno, walikuwamo Waswahili wa Faza. Mkuu wa Kireno alipokufa mwaka 1697, aliyeshika amri kwa muda alikuwa Mswahili, Bwana Daud wa Faza. Basi Waswahili walikuwa nje wakizingira, na Waswahili walikuwa ndani wakizingirwa.

Hata walipoondoka Wareno, damu haikukoma. Mwaka 1746 liwali Muhammad bin Uthman al-Mazrui aliuawa humo humo Ngomeni, na waliomuua walikuwa Waislamu. Mwaka 1837 Seyyid Said aliwaondoa Mazrui, na wakubwa wao wakakamatwa wakahamishwa ng'ambo. Kila aliyeshika funguo alidhani zitabaki mkononi mwake.

Tangu 1895 Waingereza waliifanya Ngome kuwa jela, na ikabaki jela mpaka 1958, ilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Marehemu ami yangu alikuwa miongoni mwa wafungwa wa miaka ya mwisho. Hakupenda kuzieleza siku zile. Neno moja tu alikuwa akilikariri: kuwa alfajiri aliisikia adhana ya Mji wa Kale ikipita juu ya ukuta, akaitambua sauti ya muadhini, jirani yake, naye hana njia ya kuifikia safu. Tangu atoke hakuingia tena, hata ilipokuwa mahali pa matembezi. Akipita hapo huharakisha mwendo.

Nilimjibu mjukuu wangu hivi: "Babu, sisi tulikuwa kila upande. Tulikuwa ndani ya ukuta na nje yake. Tuko waliofunga, na tuko waliofungwa. Basi katika kila kisa tafuta ni nani aliyedhulumiwa, ukae naye."

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Hata kama aliyedhulumu ni wetu?" Nikamwambia: "Hapo ndipo khasa."

Enyi wazazi, wapelekeni watoto wenu Ngomeni. Msiwaachie kupiga picha na kula aiskrimu tu, wala msiwasomee orodha ya wafalme. Waelezeni yatupendezayo na yatuaibishayo. Mtoto aliyelelewa kwa sifa tupu za wazee wake hataitambua dhulma siku itakapotoka mkononi mwake mwenyewe, na siku hiyo haiko mbali: yaweza kuanzia kwa mdogo wake nyumbani, au kwa mtumishi jikoni.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuzingatia. Amin.