Wimbo wa Lugha Mbili Wodini

Leo nataka kukiri kosa nililolifanya mbele ya watoto wa Shule ya Jumapili, na kukusimulia jinsi mtoto mgonjwa alivyonifumbua macho.

Mimi ni muuguzi, Mnyakyusa, mzaliwa wa Tukuyu. Kazi ndiyo iliyonileta huku Mbulu, mkoani Manyara, na sasa ni zaidi ya miaka 15. Kwa wasiopajua huku, wataalamu husema kwamba makundi manne ya lugha za Afrika hukutana katika eneo hili. Wairaqw wana lugha ya Kikushi, Wadatooga wana lugha ya Kinailoti, Wanyiramba na Waisanzu ni Wabantu kama mimi, na Wahadzabe wana lugha yao yenye vidoko. Siku ya mnada unaweza kusikia lugha tatu kabla hujamaliza kununua vitunguu.

Kanisani tunatumia Kiswahili, na inafaa, maana ndicho kinachotuunganisha. Basi Jumapili moja binti wa miaka sita hivi aliinuka kuimba pambio tulilokuwa tukifundishana, lakini akaliimba kwa Kiiraqw, kama alivyofundishwa na bibi yake. Nilimkatiza. “Hapa tunaimba Kiswahili, mwanangu.” Sikupaza sauti wala sikumchapa. Lakini wenzake walicheka, naye akaketi. Kwa miezi kadhaa alikuja kila Jumapili, akakaa nyuma, asiimbe. Nilimwona. Nikajiambia kwamba ana haya tu.

Katika miezi hiyo tulimpokea wodini mtoto wa kiume, umri kama miaka minne, aliyemwagikiwa na uji wa moto mguuni. Mwenye kuuguza mtoto aliyeungua anajua siku za kubadilisha bandeji zilivyo. Yule mtoto akisikia tu magurudumu ya toroli alianza kupiga kelele. Mama yake alitoka nje kulia. Mimi nilibaki nikisema, “Pole, vumilia, tunamaliza,” maneno mazuri, ila yeye hakujua hata moja. Alikuwa hajaanza shule na nyumbani kwao husemwa Kiiraqw peke yake.

Mama mmoja mtu mzima anayefanya usafi wodini aliegemeza ufagio wake ukutani, akaniambia, “Sista, mtoto hakuelewi. Mhesabie.” Akanifundisha palepale: wak, tsar, tam, tsiyahh, kooan. Nikazitia katika sauti ya pambio letu la Jumapili, kwa kuwa sikuwa na sauti nyingine kichwani. Nilifungua bandeji kidogo kidogo, nikifika kooan nainua mikono yote miwili aone kwamba tunapumzika. Nilipofika nne nikakosea. Ile sauti ya mwisho hutoka kooni, kama ha nzito ya Kiarabu, na koo la Mnyakyusa halikuzoea. Mtoto akanyamaza, akanitazama kwa hasira, machozi yakimtiririka, akasema kwa nguvu, “Tsiyahh!” Nikarudia, nikakosea tena. Akacheka.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Dawa ya maumivu tulimpa kama inavyotakiwa, na wimbo hauponyi kidonda. Lakini tangu siku ile alijua maumivu yatafika wapi na yatasimama wapi, kwa sababu aliambiwa kwa lugha aliyoijua.

Usiku nikiandika ripoti ya zamu nikamkumbuka yule binti wa nyuma kanisani.

Jumapili nilimwita, nikamwomba anifundishe wimbo wa bibi yake. Alimtazama mama yake kwanza, kisha akatikisa kichwa. Sikumlaumu. Jumapili ya pili alininong’onezea ubeti wa kwanza sikioni. Ya tatu tukauimba sote, ubeti wa Kiswahili, kisha wa Kiiraqw, yeye akiongoza.

Usidhani wote walifurahi. Mzee mmoja wa kanisa alinijia akasema ninaingiza ukabila. Namheshimu. Yeye ni wa kizazi kilichoona Kiswahili kikifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi mwaka 1967, na anajua tulichopata. Nilimjibu kwamba ubeti wa Kiswahili haujaondoka. Bado hajakubali, ila tunasalimiana vizuri.

Neno lililonichoma zaidi lilitoka kwa mama wa Kidatooga aliyenisubiri mlangoni. “Na sisi, mwalimu?” Huku Wairaqw na Wadatooga wamewahi kugombana sana kwa ajili ya ng’ombe na malisho. Ningeishia kwenye Kiiraqw, ningekuwa nimewanyamazisha watoto wengine kwa kosa lilelile. Wiki iliyofuata alikuja na maneno aliyoyauliza kwa mama mkwe wake, nasi tukawa na beti tatu. Ukitaka kuona watoto wakisahau ugomvi wa baba zao kwa dakika tano, waache wafundishane kuhesabu.

Nyumbani kwangu ndipo nilipochelewa. Kitinda mimba wangu aliipenda sana Akili and Me, ile katuni ya Ubongo ya Dar es Salaam, yenye msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Kilimanjaro. Ina nyimbo za Kiswahili na za Kiingereza, na mwanangu alihesabu hadi kumi kwa Kiingereza kabla ya kwenda shule. Nilishukuru, na bado nashukuru. Lakini katuni ya Kinyakyusa sijaiona, na redio na televisheni zetu husema Kiswahili na Kiingereza. Lugha ya bibi ilikuwa kazi yangu, nami sikuifanya. Mama yangu akipiga simu, wanangu husema, “Shikamoo, bibi,” kisha wananirudishia simu haraka.

Likizo iliyopita nilikwenda Tukuyu, nikarekodi kwenye simu nyimbo sita alizotubembelezea. Mkubwa wangu, aliyeanza kazi mwaka jana, hazisikilizi. Mdogo huziimba akiosha vyombo, nusu ya maneno akiyakosea. Juzi bibi alipopiga, mtoto akaagana naye kwa kusema, “Ndaga fijo, bibi.”

Mama alikaa kimya hata nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, “Nani huyo? Mwambie arudie.”